TAHADHARI: Feni za "24V" zinazouzwa kwenye magrupu ni za 12V zilizobandikwa stika

Wakuu, hasa mnaojiundia CNC (mashine zinazoongozwa na kompyuta) za kuchonga mbao, someni hapa kabla ya kutuma hela.

Kuna jamaa wa Dar anatangaza feni za kupozea boksi la umeme, milimita 120, "24V, beringi, mpya kabisa". Anajibu haraka na bei yake inavutia. Ukiomba video anakutumia feni ikizunguka, ila waya zinakoungwa hazionyeshi. Mzigo uliponifikia, stika ilikuwa imevimba pembeni. Nikaibandua kwa ukucha, chini yake ipo nyingine: DC 12V, 0.18A. Kwenye mapanga kuna vumbi lililogandia hadi kuwa jeusi. Hizo ni feni za kompyuta za mtumba, basi.

Wengi wetu tunaendesha stepa mota (mota za CNC zinazozunguka hatua kwa hatua) kwa pawa saplai ya 24V, na feni ya 24V tunaitafuta ili tuiunge hapo hapo. Hii ya kwake ukiiwasha inavuma kama trekta, unadhani umepata mashine. Baadaye saketi ndogo iliyo kwenye kitovu inaungua na feni inasimama. Boksi limefungwa, huoni kitu, drayva (saketi zinazoendesha mota) zinachemka mpaka zinajizima katikati ya kazi, na ubao wa mninga umeshaharibika.

Kuipima ni rahisi: iunge kwenye 12V, hata betri ya bodaboda inatosha. Feni ya 24V kweli itazunguka kivivu au isiwake kabisa. Ikivuma kwa nguvu zote, hiyo ni ya 12V. Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Ya njano, kama ipo, inatoa ishara ya mwendo tu, usiipe umeme.

Hiyo "beringi" nayo ni bushi, yaani kibomba chenye mafuta, bila gololi. Bushi si mbaya feni ikisimama wima, ila ukiilaza kwenye mfuniko mafuta hukauka mapema.

Nilipomlalamikia alinijibu, "Unga mbili mfululizo zigawane volti." Msimsikilize. Feni mbili hazigawani sawa, na moja ikikwama mambo yanavurugika kwa zote mbili. Mwingine atakwambia uweke 7812, kile kifaa kidogo cha kushusha umeme hadi 12V. Kutoka 24V, kwa 0.18A, inageuza zaidi ya wati 2 kuwa joto ndani ya boksi lile lile unalotaka kulipoza, na wenye saplai ya 36V wasijaribu kabisa, kwani mwisho wa 7812 kupokea ni 35V. Kama umeshanunua, tafuta moduli ya kushusha volti ya aina ya swichi ("buck converter"; inapoteza joto kidogo tu), irekebishe kwa multimita mpaka isome 12V, ndipo uunge feni.

Hela hakurudisha, na namba yangu ameshaiblok. Anabadilisha jina la akaunti lakini picha za tangazo ni zile zile: feni juu ya kitambaa cha bluu. Akikataa kuipima kwa 12V mbele yako, usilipe hata shilingi.