Huduma ya ramani za kale, Ngamiani: nyota nne

Msitegemee ofisi kubwa, ni kichumba tu nyuma ya stationery huku Ngamiani, Tanga mjini, feni moja na skana ya kulaza karatasi nzima bila kuikunja. Unawapelekea kopi ya ramani ya zamani, wanailaza juu ya picha ya satelaiti uone msitu ulikuwa unafika wapi.

Sisi kikundi cha miche Muheza tulitaka kujua huku chini kulikuwa na nini kabla ya mkonge, maana mkonge umeingia 1893 na mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa toka Tanga. Tukaenda na ramani ile ya Mjerumani, ya kipimo cha 1:300,000. Kaka wa pale akatuambia mapema, jamani hapa milimita moja ni mita 300, mstari wa kalamu tu unameza shamba zima la mtu, kwa hiyo msije mkagombana na jirani kwa ramani hii. Nikampenda hapohapo.

Kuifunga ramani ikae sawa juu ya picha ya satelaiti alitumia stesheni za zamani za reli na vilele vya milima, kingo za mto Zigi akazikataa, mto unahama bwana. Halafu akaweka na ile ya Mwingereza ya 1:50,000 iliyochorwa kwa picha za ndege, hiyo ndo tamu.

Ila kilichonifanya nione hela yangu imeenda kihalali ni yale maeneo meupe. Kwenye ramani ya Mjerumani sehemu nyingine ni tupu kabisa, mtu mwingine angekuambia hapo hapakuwa na miti, yeye kaziwekea michirizi kaandika "hakuna taarifa" kwa sababu huenda mpimaji hakupita tu. Na kijani cha leo nacho hakukiamini hivihivi, mitiki ya kupandwa ya Longuza kaitoa pembeni, na kule Amani (kituo cha Wajerumani cha tangu 1902, walijaribu miti ya kila aina) akatuonya kwamba mhesi, mti wa kuletwa, umeingia mpaka ndani ya msitu wa asili na satelaiti inauonyesha kijani tu kama mingine.

Nyota moja nimekata kwa kuchelewesha, na maandishi ya pembeni ni madogo mpaka uazime miwani ya babu. Nendeni na flash, faili ni zito halitumiki WhatsApp, na kopi iwe ya skana, picha ya simu inapinda kwenye kona.