Kujifunza Kiaisilandi: uzoefu wangu na Icelandic Online, BÍN na darasa la jioni

Kama umehamia Aisilandi na hela ya ada bado inasumbua, anza na Icelandic Online. Ni kozi ya Chuo Kikuu cha Aisilandi, ipo tangu 2004 na haina malipo; unajisajili tu. Ila ukiitegemea peke yake, utaelewa taarifa ya habari redioni kabla hujaweza kununua mkate dukani.

Kozi imepangwa kwa ngazi, na kuna njia iitwayo Bjargir iliyoandaliwa kwa ajili ya wahamiaji. Mimi nilipitia hiyo. Unasikiliza, unaburuta neno mahali pake, unaandika, unasahihishwa papo hapo. Ukirudia sentensi ileile usiku kucha, hakuna wa kukuchoka.

Kwa sisi wa Kiswahili matamshi yana nafuu yake. Herufi þ na ð, ambazo wenzangu wengi darasani zinawatoa jasho, ni th ya thelathini na dh ya dhahabu. (Kama kwenu mnasema "selasini", pole, utaanza nao foleni moja.) Mtego uko kwenye mkazo: wao hukandamiza silabi ya kwanza, sisi ya pili kutoka mwisho. Nikichoka, Reykjavík bado hunitoka kama mji wa Kibantu.

Sarufi inatisha watu kupita kiasi. Aliyekua akisema watu wawili, viti viwili, miti miwili, atashtushwa vipi na tveir, tvær, tvö, yaani "mbili" kwa jinsia tatu za nomino? Tena namba hubadilika kufuata jinsia mpaka nne tu. Tano hadi ishirini zinatulia. Kinachouma kweli ni nomino. Farasi ni hestur, hest, hesti au hests, kutegemea kazi yake kwenye sentensi. Weka wingi, weka na kiambishi cha farasi anayejulikana, tayari una nafasi 16 za kujaza. Majina ya watu nayo hayaachwi: ukiongea na Anna, unaongea na Önnu.

Hapo ndipo BÍN inapookoa. Ni hifadhidata ya mtandaoni ya maumbo ya maneno ya Kiaisilandi, ya Taasisi ya Árni Magnússon, nayo ni bure. Andika neno kama ulivyolikuta, hata kwenye pakiti ya maziwa, na linakuja na jedwali lake lote. Haikupi maana, kwa hiyo kamusi utaitafuta kwingine. Hata hivyo sijaona kifaa kilichonisaidia zaidi ya hiki.

Darasa la jioni nililipia pia, shule siitaji. Mwalimu alikuwa mwema na mwendo ulikuwa wa kukimbizana, huku kila kitu kikielezwa kwa Kiingereza. Ada si ndogo, lakini chama cha wafanyakazi kwa kawaida hurudisha sehemu kubwa ukipeleka risiti. Ulizia chako kabla ya kujiandikisha, maana wengi hupitwa na hela hiyo.

Kuongea ni habari nyingine. Mjini karibu kila mtu anajua Kiingereza, na akisikia lafudhi yako anahamia huko, kwa nia njema kabisa. Kwangu mimi hicho ni kikwazo kikubwa kuliko hizo nafasi 16.

Bahati yangu ni kazi: nahudumia wazee, na wao hawana haraka. Yuko bibi mmoja ambaye nikimuuliza asubuhi "Viltu meira kaffi?" (unataka kahawa zaidi?) hanijibu ndiyo au hapana. Ananipa sentensi nzima, polepole, kikombe kikiwa bado mkononi. Akisikia umbo limepinda, hanikatizi. Analiweka sahihi ndani ya jibu lake, kisha ananitazama hadi nilirudie. Kahawa ni meira, maziwa ni meiri: jedwali lilikuwa halijanikaa kichwani, kwake lilikaa. Kazi ilikuwa kumwita kwa jina lake la kwanza, maana huku hakuna shikamoo wala "bibi", na hata rais huitwa kwa jina la kwanza. Ulimi wangu uligoma kwa muda mrefu.

Asiye na kazi ya namna hiyo aende kwenye mabwawa ya maji moto. Laugardalslaug, kwa mfano, watu huketi kwenye maji hadi shingoni wakipiga soga, na mada ya hali ya hewa haiishi. Msalaba Mwekundu na maktaba za jiji nao wana vikundi vya mazungumzo. Mtu akianza Kiingereza, mwambie "Getum við talað íslensku?" (tunaweza kuongea Kiaisilandi?) na uendelee, hata kwa kukwamakwama.

Icelandic Online naipa nyota nne kati ya tano, BÍN tano, darasa tatu. Anayelenga kibali cha kudumu asilidharau darasa, kwa sababu utadaiwa uthibitisho wa saa 150 za masomo ya Kiaisilandi au ufaulu mtihani. Vyeti vya mahudhurio vitunze tangu kozi ya kwanza.