Fomu ya DRSP kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi: nzuri, ila ina mapengo

DRSP (Daily Record of Severity of Problems) ni fomu ya kurekodi dalili za kabla ya hedhi, ya kujazwa kila jioni. Ina dalili 21, kuanzia huzuni na hasira hadi matiti kuuma, kisha mistari 3 ya kupima jinsi kazi, starehe na mahusiano yalivyoathirika. Alama ni 1 (hakuna kabisa) hadi 6 (imepita kiasi). Ijaze siku hiyohiyo. Ukikusanya siku tano ujaze kwa mkupuo, umeshaiharibu.

PMDD, yaani mvurugiko mkali wa hisia kabla ya hedhi, haithibitishwi bila rekodi ya mizunguko 2. Linganisha wastani wa alama za siku 7 kabla ya damu na za siku ya 4 hadi ya 10 tangu damu ianze. Hizi za pili ndizo zinazotoboa siri. Nazo zikijaa 4 na 5, basi huenda ni sonona au tezi ya thairodi, na hedhi inaichochea tu.

Kwa aliye na mzunguko wa siku 24 leo na 38 kesho, usitie alama ya “wiki ya kabla ya hedhi” mapema. Subiri damu ije, ndipo uhesabu kurudi nyuma. Programu za simu hukwama hapahapa, kwa sababu hutabiri kwa wastani wa miezi iliyopita. Matone mepesi nayo yasihesabiwe kuwa siku ya 1.

Pengo kubwa ni kwamba fomu haiulizi joto la ghafla wala jasho la usiku. Mtu analowa shuka, anakosa usingizi, kesho yake ana hasira, na fomu inasoma hasira na kukosa usingizi bila chanzo chake. Ongeza mistari hiyo 2 kwa kalamu, pamoja na wa dawa unazomeza. Aliyetolewa kizazi ovari zikabaki hana siku ya 1, hivyo atahitaji vipimo vya kupevuka kwa yai.

Fomu hiyo humsaidia daktari hata kwenye matibabu: dawa za SSRI (aina ya dawa za sonona) huweza kumezwa siku 14 tu kabla ya hedhi, lakini tarehe zikiyumba, kumeza kila siku ndiko kunakotekelezeka.

Tena, fomu haina mstari wa mawazo ya kujiua. Yakikujia, usingoje mizunguko 2 iishe. Nenda hospitali siku hiyohiyo.