Anayejaza flashi Magomeni: muvi za kuangalia na mama mkwe sebuleni

Kwa watu wa Mtwara mnaotafuta vitu vya kuangalia na familia nzima, na nikisema nzima namaanisha watoto, mke, shemeji na mama mkwe wote sebule moja tv moja, kuna dogo anajaza flashi pale Magomeni. Kibanda kidogo tu, laptopu mbili, feni moja, nyaya kibao, hata bango la maana hana. Mimi nampa nyota nne kati ya tano na hiyo iliyopungua ntaieleza.

Kwanza muelewe hali ya nyumbani kwangu. Mama mkwe katoka Ruangwa, yuko kwetu toka msimu wa korosho uishe, na huku kusini mnajua mkwe ana heshima zake, mimi hata kupita mbele yake kifua wazi siwezi. Sasa mmekaa baada ya kula, sinia la ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, liko katikati watu wanamenya, tamthilia inaenda vizuri kabisa, mara jamaa anaanza kumsogelea yule dada taratibu na muziki unabadilika. Hapo kila mtu ashajua kinachokuja. Mke anakohoa, shemeji anazama kwenye simu, rimoti imekaliwa na mtoto, na mama mkwe ananyanyua ming'oko mmoja anaukagua kama mnunuzi wa ghalani. Ndo shida yenyewe hiyo. Siongelei mambo makubwa ya maadili ya taifa, naongelea hizo sekunde chache tu.

King'amuzi tunacho na kifurushi tunalipia, ila king'amuzi hakijui nani kakaa sebuleni. Jioni watoto wanapata katuni zao, saa mbili taarifa ya habari, hiyo haina mjadala mama mkwe, bibi wa watoto, lazima aone, ikiisha tu zinaingia tamthilia za watu wazima na watoto bado wako macho. Kuna watu hawajawahi kuangalia zile alama za kona ya juu, ziangalieni jamani zinasaidia. Kwenye DStv mfano ukiona 16 au 18 hiyo ni umri, halafu herufi zinazofuata V ni ugomvi na damu, L matusi, S mambo ya chumbani, N watu wako uchi. PG maana yake mzazi uwepo. Na ving'amuzi vingi vya siku hizi ukiingia kwenye mipangilio unaweza kufunga kwa namba ya siri vipindi vinavyozidi umri fulani, ila badilisha ile namba iliyokuja na king'amuzi, coz 0000 na 1234 mtoto wa darasa la tatu anazijua.

Tamthilia za Kituruki zile Azam wanazoziingiza sauti za Kiswahili kwa upande huu zina nafuu, kule kwao kuna mamlaka ya utangazaji inaitwa RTÜK inapiga faini vituo vikizidisha mambo ya mapenzi, kwahiyo mapenzi ya Kituruki mengi ni ya kuangaliana tu kwa uchungu dakika tano nzima. Mama mkwe anazipenda. Shida ni sumu, fitina na watu kunyongwa, mwanangu mdogo akawa anaogopa kwenda chooni usiku. Mpira nao ungekuwa jibu, bibi ni Namungo damu, timu ya kwao, akikaa hapo sebule nzima inachangamka, ila katikati ya mechi matangazo ya kubeti hayaishi na mwanangu mkubwa sa hivi anajua odi kuliko anavyojua kugawanya.

Basi ndo nikaelekezwa kwa huyu dogo.

Unafika pale yeye haanzi kukuuliza unataka muvi gani. Anakuuliza "mkubwa, unaangalia na nani?" Nikamwambia mama mkwe yupo. Akacheka, akafungua laptopu, na hapa ndo nilimkubali, kwenye desktopu ana mafolda matatu makubwa: SEBULENI, CHUMBANI na GETO. Kaandika hivyohivyo kwa herufi kubwa. Ndani ya SEBULENI kuna la watoto wadogo, la wanyama, la mapishi, la vichekesho na lingine kaliita BIBI YUPO. Nikamuuliza anajuaje hili la bibi halina neno, akanambia kila kinachoingia humo yeye na dada ake wamekiona mpaka mwisho, sio kuangalia kava tu. Nikamtega nikataja muvi moja ya kikarate ninayoijua, akanijibu hapohapo "ile nzuri ila dakika kama ya arobaini kuna kipande, hiyo peleka geto". Na kweli kipo!

Kitu kingine anajua kazi ya ufundi. Wengine unalipa unafika nyumbani tv inakuandikia haisomi. Yeye anakuuliza tv yako ya zamani au mpya, inasoma H.265, ile namna ya kubana video faili liwe dogo? Kama ni ya zamani anakutafutia faili la aina nyingine, coz tv nyingi za zamani hilo la H.265 zinakupa sauti bila picha. Na flashi ikiwa imefomatiwa FAT32, ule mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwahiyo zile muvi za picha kali kali anakushusha kidogo ubora ila inacheza. Bei za kawaida, muvi 500, tamthilia msimu mzima 2,000, folda zima la watoto anakufungashia kwa 3,000. Anaskani virusi kwenye flashi yako pia kabla ya kuijaza, hilo nimeliona kwa macho.

Sasa alivyonipa. Cha kwanza Shaun the Sheep, katuni ya Waingereza ya kondoo, imeanza 2007, kila kipande dakika kama saba hivi na hawaongei kabisa, ni miguno tu. Mimi nilidharau nikajua ni ya watoto wa chekechea. Aisee. Nyumbani kwangu kuna mtu hajui kusoma, kuna mtu hajui Kiingereza, kuna mtu wa miaka minne, na wote wamecheka sehemu ileile kwa wakati uleule, hamna wa kuuliza "kasemaje?" na hamna wa kutafsiri. Tom and Jerry kwa sababu hiyohiyo haijawahi kuchuja toka 1940 mpaka leo, japo pale kuna kupigana sana, mtoto wangu wa kati akimaliza kuiangalia lazima ampige mwenzie na kitu.

Cha pili Ubongo Kids na Akili and Me, hizi ni za kwetu kabisa zinatengenezwa Dar. Ubongo Kids ilianza 2014 pale TBC1, hesabu na sayansi kwa nyimbo, na Akili ni mtoto wa miaka minne akilala anaingia nchi ya ndoto ana marafiki wanyama wanamfundisha herufi na namba. Hizi dogo hakunichaji. Kanambia "hizi ziko bure YouTube, nakuwekea tu ili usimalize bando". Uungwana wa hivyo siku hizi uko wapi? Mwanangu wa mwisho anaimba namba jikoni saa nzima, na mama mkwe nae kadaka wimbo mmoja, anauimba kwa lafudhi yake ya Kimwera wakati anachambua mboga.

Ila kilichoua ni folda la wanyama. Vile vipindi virefu vya mbugani, picha kali, sauti ya Kiingereza ambayo sisi tunaizima tunabaki na picha. Nilijua watoto watapenda, sikumtarajia bibi. Walivyotokea tembo kundi zima wanavuka mto, mama mkwe akaweka ming'oko chini akasema "hawa hawa! Hawa ndo wamemaliza mihogo ya kwetu!" Mnajua hali ya Ruangwa, Liwale na Nachingwea, tembo wanatoka hifadhini wanaingia mashambani, kwa hiyo kwake ile sio burudani, ile ni kesi. Akaanza kuhadithia wanavyokesha shambani wanapiga madebe na kuwasha moto, watoto wameacha tv wanamuangalia yeye, tv inaenda peke yake. Wakapandana simba baadae, nikaruka na rimoti, bibi akanambia "acha mkwe, hao wanyama". Nikaacha. Toka hapo kipimo changu cha kipindi cha familia kimekuwa kimoja, je watu wanaongea wakati kinaendelea au wamekaa kimya wanaombea kipande kipite.

Nyota moja niliyomnyima ni hizi muvi zilizotafsiriwa. Dogo anaziamini kupita kiasi. Muvi yenyewe inaweza kuwa safi, katuni ya samaki tu inamtafuta mtoto wake, lakini mtafsiri anaweka matusi yake mwenyewe, vijembe vya maumbile ya wanawake, sijui nini, vitu ambavyo mwenye katuni hajawahi kuviota. Niliweka moja hivyo nikijua Kiswahili ndo salama zaidi kwa bibi, dakika ya tatu tu samaki katukana. Nilimrudishia dogo nikamwambia hii iondoe SEBULENI haraka, kakubali ila nikirudi naikuta bado ipo, anasema wateja wanaitaka. Picha kahakiki, sauti hakuhakiki, na sauti ndo inafika mpaka jikoni.

La haki za walioitengeneza hizi kazi pia lipo, muvi za 500 mwenyewe huko aliko hapati kitu, siwezi kusema vingine. Ndo maana za kwetu, zile za Bongo, mimi sinunui pale, naziona kwenye king'amuzi ninacholipia.

Na umeme. Gesi inatoka Mnazi Bay hapo tu lakini ukikatika umekatika, dogo hana jenereta, ukimkuta gizani anakwambia rudi kesho. Usiende siku ambayo mtaa hauna umeme, na usiende Jumamosi asubuhi, kunakuwa na foleni ya watoto wenye mia tano tano wanataka katuni moja moja na kila mmoja anataka kuionja kwanza.

Kukipata kibanda, shukia Magomeni uulize anayejaza flashi, watu wanamjua. Ijumaa mchana anafunga anaenda kuswali. Nenda na flashi yako ya kuanzia GB 16, zake anauza bei juu, umtajie wote watakaokuwepo sebuleni, na umwambie mapema hutaki zilizotafsiriwa, usipomwambia anakuwekea.