Kugawana waya au kila mtu ajenge wake?

Kwenye intaneti ya majumbani, Uingereza ilimbana mwenye waya. Mwaka 2006 BT, kampuni kongwe ya simu nchini humo, iliunda Openreach, kitengo cha kusimamia laini ziingiazo majumbani, kikiwajibika kuwahudumia wapinzani wa BT kwa masharti yale yale inayopata BT yenyewe. Ufaransa nayo ilifungua laini za kampuni yake kongwe ya simu, na mwaka 2002 kampuni ya Free ikaingia soko la intaneti ya kasi kwa yuro 29.99 kwa mwezi bila kuchimba mtaro hadi kila mlango. Wenzake ikawabidi waifuate bei hiyo.

Marekani ilianza na njia hiyo hiyo, kwa sheria ya 1996. Kisha mwaka 2005 mdhibiti wake, FCC, akaziondolea kampuni za simu wajibu wa kugawana laini za DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu: anayetaka soko ajenge mtandao wake. Hoja ina uzito, maana nani atamwaga mabilioni kwenye faiba ili mpinzani aipande kwa bei iliyopangwa na serikali? Ila kuchimba ni ghali mno, na mitaa mingi imebaki na kampuni ya simu na ya kebo tu, kwingine moja.

Mimi naegemea kugawana. Mteja akichoka anahama, na waya ukutani unabaki ule ule.