Gari lililolala: lipi la kununua, lipi la kuacha palepale

Ukitafuta gari la bei nafuu Dar es Salaam, haitapita wiki dalali hajakupeleka mbele ya gari lenye vumbi la kuandikia kwa kidole, tairi zimebonyea na majani makavu yamejaa chini ya wipa. Atakuambia, "Bosi, hili ni betri tu." Mara nyingine ni kweli. Nimeshanunua mawili ya namna hiyo. Moja ninalo hadi leo. La pili lilimeza akiba yangu ya miezi saba, kwa sababu niliuliza limekaa muda gani, sikuuliza lilisimama kwa nini. Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo la pili.

Namba moja ni gari ambalo mwenyewe alihama, alisafiri au amezeeka, likabaki nyumbani chini ya paa likiwa zima. Toyota IST yangu ilikuwa ya mwalimu mstaafu aliyerudi kwao Moshi. Ililala miaka miwili Mbezi. Kabla ya kuongea bei nilimsalimia mlinzi wa geti, nikamuuliza mara ya mwisho ilitoka lini na ilitokaje. Akasema mama aliiendesha mwenyewe hadi pale, akaifunika turubai. Chini ya boneti palikuwa na kile kikadi cha oili, na kilomita zilizoandikwa zililingana na za kwenye deshibodi, tofauti mia tatu na kitu. Ukipata historia inayoshikana hivyo, miaka miwili au mitatu isikutishe.

Namba mbili ni gari la marehemu. Gari lenyewe huwa zuri, mzigo uko kwenye karatasi. Kadi ya gari bado ina jina la aliyefariki, kwa hiyo mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba kuona barua ya uteuzi, na usikubali kuambiwa "mimi ndiye mtoto mkubwa". Kaa na familia, sikiliza. Akiwepo mmoja anayesema gari haliuzwi, usitoe hata shilingi ya kishika uchumba hadi wakubaliane.

Namba tatu ni gari la mnada, lililokaa yadi juani. Kwa kawaida huruhusiwi kuliendesha, unaangalia tu. Nenda na fundi, mhakikishe betri, taa na hasa kontroli boksi (kompyuta ya injini) bado vipo, maana gari lililokaa yadi muda mrefu huchomolewa vitu. Andika bei yako ya mwisho kwenye karatasi kabla mnada haujaanza.

Namba nne ni gari lililolala gereji, na hapa ndipo nilipoumia. Ilikuwa Toyota Noah yenye injini ya 3S. Nikaambiwa imekwama kwa sababu ya gasketi tu, mwenyewe kaishiwa pesa. Silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, ilikuwa kwenye buti, imefungwa kwa gazeti. Bei ilikuwa nusu ya sokoni, nikalipa. Fundi wangu alipofuta vumbi juu ya injini alipitisha ukucha ndani ya silinda, ukakwama kwenye mduara wa kutu. Injini ikiachwa wazi, unyevu wa mji huu hauhitaji muda mrefu kuila. Nikaishia kununua injini nyingine ya mtumba, na bado gereji ile ikadai gharama za kulihifadhi gari ambazo muuzaji hakunitajia. Injini ikishafunguliwa, ihesabu kuwa imekufa, na bei yako iseme hivyo.

La mwisho, ambalo mimi siligusi, ni gari lililoingia maji ya mafuriko au lililolala wazi karibu na bahari. Kwa la mafuriko, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho utazame kama una mstari wa tope, kisha inua tairi ya akiba uangalie kama kuna matope chini yake. Kwa la pwani, ingia uvunguni na tochi. Chuma kikimeguka kwa bisibisi, rudi nyumbani.

Ukishalipenda gari, usikubali waliwashe kwanza kwa kulibusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine. Ndipo wengi wanapoua injini nzima. Vuta kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, acha. Ikiwa safi, fundi atoe plagi, adondoshee oili kidogo kila silinda, asubiri, kisha azungushe injini taratibu kwa spana. Ikizunguka laini, endelea. Ikigoma, usiilazimishe kwa stata. Nusa petroli pia: iliyolala miezi mingi huchacha, ikanuka kama vanishi. Imwagwe yote na filta ibadilishwe, la sivyo uchafu utaziba nozeli. Fungua na boksi la filta ya hewa, ndiko panya wanakopenda kuzalia, na wakishakaa hapo waya nazo zikague. Baada ya hayo ndipo ufunge betri, na injini ikiwaka, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache.

Kutu nyekundu juu ya diski za breki huondoka ukiendesha kidogo. Kinachotisha ni pistoni ya breki iliyoganda. Zunguka mtaa, shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko zenzake, breki inashika. Tairi zisomee tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata, yale meno ya tairi, zinaweza kuwa ndefu na mpira ukawa umeshapasuka pembeni. Uliza pia mkanda wa taimingi. IST inatumia cheni, lakini 3S ina mkanda, na mkanda huzeeka hata gari likiwa limesimama.

Kwenye bei, anza na ya gari kama hilo linalotembea. Toa tairi nne, betri, oili zote pamoja na ya breki, mikanda, na gari la kulivuta. Kisha toa tena kwa ajili ya sili zilizokauka, ambazo hazivuji siku ya kwanza. IST yangu ilianza kudondosha oili wiki ya tatu. Kabla ya kulipa, angalia faini za trafiki na deni la maegesho kwa namba ya gari, linganisha namba ya chesisi na kadi, andikishaneni mbele ya wakili, na uhamisho wa TRA uanze siku hiyohiyo.

Mwezi wa kwanza baada ya kununua, lizungushe karibu na nyumbani. Kila asubuhi, kabla hujawasha, chungulia chini lilipolala.