Elden Ring: "Ikikushinda, mpe kaka yako"

Nilienda dukani na swali moja tu. Narudi kutoka kazini jioni, napika, namlaza mtoto, ndipo napata kama saa moja na nusu ya kushika pedi ya gemu. Je, gemu ya Elden Ring inamfaa mtu kama mimi? Muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Dada, chukua tu. Ikikushinda, mpe kaka yako."

Nikalipa. Mpaka leo najiuliza kwa nini nililipa.

Usiku huo niliingia Limgrave, eneo la kwanza la gemu, na hasira zangu. Ukitoka tu mlangoni, mbele yako anazunguka mpanda farasi aliyevaa dhahabu kuanzia kichwani. Nikamvaa. Mapigo mawili, nimekufa. Nikarudi, nikafa. Wiki nzima nilikuwa nafia palepale, na kila nikianguka namsikia muuzaji yule: mpe kaka yako.

Nusu dakika tu ingemtosha kuniambia gemu hii haisimami. Ukifungua menyu, adui anaendelea kukujia. Mtoto akilia katikati ya pambano, umekwisha. Wala hakuna mahali pa kupunguza ugumu. Na ukifa, runi zako, ambazo ndizo hela na ndizo za kupandia levo, yaani kuongeza nguvu, zinabaki chini ulipofia. Ukifa tena kabla hujaziokota, basi tena. Nimezipoteza hivyo nikikimbilia chumbani kwa mtoto, nikalia kwa uchungu. Mwenye mtoto mdogo asinunue, ndivyo nilivyokuwa nawaambia wenzangu.

Sasa nayafuta hayo. Usiku mmoja nilichoka, nikamzunguka yule mpanda farasi kwa mbali. Hakuna aliyenizuia! Kumbe hukulazimishwa kupigana naye. Nikapata farasi wangu, Torrent, nikavuka daraja kwenda kusini, Weeping Peninsula, nikakuta maadui ninaowamudu. Nikapanda levo polepole. Ukitoka kupitia menyu, kesho unaanzia ulipoachia, kwa hiyo saa moja na nusu yangu inatosha kabisa kumaliza pango moja au kufungua kipande cha ramani. Kwa mtu wa muda mfupi naiona nzuri kuliko magemu mengi niliyocheza.

Ila kama unapenda mshale wa kukuelekeza kila hatua, iache. Hakuna orodha ya kazi ulizopewa. Mtu anakuambia jambo, ukilisahau shauri yako. Mimi nina daftari kando ya TV.

Juzi nilimrudia wa dhahabu, nami nikiwa juu ya farasi, sauti nimeipunguza mtoto asiamke. Alipoanguka mikono ilikuwa inatetemeka. Duka lile sikanyagi tena. Na kaka yangu ameshaiomba gemu hii mara mbili. Simpi.